Cheti cha Dawa Kilichoandikwa Maziwa

Mwaka 1968, katika kaunti ya Bolivar, jimbo la Mississippi, mama mwenye mtoto aliyekonda aliweza kutoka kwa daktari na cheti ambacho mfamasia asingekuwa na kazi nacho. Kiliandikwa maziwa kiasi fulani, mboga kiasi fulani, nyama kiasi fulani. Mama alikipeleka kwa mwenye duka la vyakula, mtu mweusi kama yeye, akapimiwa, akaondoka. Hakutoa senti. Mwenye duka alituma hesabu yake kituo cha afya, nacho kikalipa kutoka fungu la dawa.

Gavana wa jimbo alipopata habari alikasirika, akalalamika Washington, na ofisa akatumwa kuja kueleza kwamba fungu la dawa ni la kutibu maradhi. Jack Geiger, daktari aliyeongoza mradi wa kituo hicho, akamjibu kwamba kwa vitabu alivyosomea yeye, dawa ya utapiamlo ni chakula. Ofisa akakosa la kusema, akarudi alikotoka.

Kisa hicho Geiger alikisimulia hadi uzeeni, na kila anayeandika juu ya vituo vya afya vya Marekani hukirudia. Nami nimekirudia. Ila kinachonivutia zaidi ni kilichofuata, maana kabla mwaka haujaisha cheti kile kilikuwa kimezaa shamba.

Eneo linaloitwa Delta, kaskazini-magharibi mwa Mississippi, ni tambarare ya udongo mweusi ulioletwa na mafuriko ya mto kwa maelfu ya miaka. Chomeka kijiti, kitaota. Na humo humo watu walilala njaa. Ardhi ilikuwa ya Wazungu wachache wenye mashamba makubwa, nao walilima pamba hadi kizingitini mwa vibanda vya wafanyakazi, pasibaki mahali pa tuta la mboga. Weusi walilima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, na msimu ulipokwisha, deni lililoandikwa na mwenye shamba mwenyewe lilimeza sehemu yao.

Kisha zikaja mashine za kuvuna pamba na dawa za kuua magugu. Mwaka 1967 sheria ya kima cha chini cha mshahara ikaanza kuwagusa vibarua wa mashambani, na matajiri wakaona heri mashine. Familia zikabaki vibandani bila kazi. Vyakula vya bure vya serikali navyo vikaanza kubadilishwa kuwa stempu za chakula, ambazo ilibidi kwanza uzinunue. Asiye na kipato atazinunua na nini? Aprili mwaka huo seneta Robert Kennedy alifika Cleveland, mji wa kaunti hiyo hiyo ya Bolivar, akaingia vibandani akiwa na waandishi wa habari nyuma yake, na Marekani ikashtuka kujua kwamba ina watoto wenye njaa.

Geiger alikuwa amekwisha kuyaona hayo, tena Afrika. Mwaka 1957, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alikwenda Natal, Afrika Kusini, kujifunza kwa Sidney na Emily Kark. Mume na mke hao, madaktari wote wawili, walianzisha kituo cha afya Pholela mwaka 1940, kwenye vijiji vya Wazulu chini ya milima ya Drakensberg. Wanaume wengi wa huko walikuwa vibarua migodini na Durban, na waliporudi walirudi na kaswende na kifua kikuu. Udongo ulikuwa umekwenda na maji. Watoto walikua kwa mahindi, na mahindi hayakutosha.

Pholela hawakungoja wagonjwa wajipange kwenye benchi. Wahudumu, wengi wao Wazulu wenyeji, walikwenda nyumba kwa nyumba wakiandika nani anaishi hapa, nani amekufa, chungu kina nini. Walihimiza bustani za mboga, vyoo vya shimo, na chemchemi zilindwe zisichafuliwe. Na kwa kuwa mtu hushawishiwa na anachokiona, wahudumu wenyewe walilima bustani majumbani kwao kwanza.

Kuna jambo moja la Pholela ambalo siwezi kulipita. Kwa desturi, mwanamke aliyeolewa hakunywa maziwa ya ng'ombe wa ukoo wa mumewe. Wajawazito na wanaonyonyesha, yaani waliohitaji maziwa kuliko wote, ndio waliokatazwa. Kituo kingeweza kugombana na wazee, na bila shaka kingeshindwa. Kikaleta maziwa ya unga. Unga haukutoka zizini kwa mtu, hauna ukoo, na hata waume washika mila hawakuona sababu ya kuukataa. Geiger alipofika, somo hilo lilikuwa la miaka mingi.

Tume ya serikali iliyoongozwa na Henry Gluckman ilipendekeza mwaka 1944 kwamba Afrika Kusini nzima ijengewe vituo vya namna hiyo. Makaburu wakashinda uchaguzi wa 1948. Vituo vikaachwa vinyauke kimoja kimoja, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Sidney na Emily Kark wakahama nchi.

Geiger alirudi kwao. Mwaka 1964, vijana wa harakati za haki za kiraia walipomiminika Mississippi kuandikisha wapiga kura weusi, madaktari waliwafuata ili wawahudumie wanaopigwa na kufungwa. Geiger alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mpango wa kufanya kazi katika nchi za mbali, na hapo akaona Pholela nyingine ndani ya nchi yake. Desemba mwaka huo, katika kikao mjini Greenville, alieleza wazo la kituo kama kile cha Natal. Aliyemwambia kwamba chuo kikuu cha Tufts, Boston, kitaubeba mradi ni daktari mwenzake, Count Gibson.

Fedha zilipatikana kwenye ofisi iliyoundwa kuendesha vita dhidi ya umaskini vya Rais Lyndon Johnson. Jina la chuo lilikuwa na faida ambayo mtu wa mbali angeweza kutoiona. Sheria ilimpa gavana uwezo wa kuzuia ruzuku za ofisi hiyo zisiingie jimboni kwake, isipokuwa zile zinazopitia chuo kikuu. Kwa hiyo fedha zilizaliwa Washington, zikapita Boston, zikateremka Mississippi, na gavana akabaki kulalamika.

Kituo cha kwanza kilifunguliwa Columbia Point, mtaa wa nyumba za serikali huko Boston, Desemba 1965. Cha Mississippi kilichelewa karibu miaka miwili. Kilipata mahali Mound Bayou, mji wa kaunti ya Bolivar ulioanzishwa mwaka 1887 na Isaiah Montgomery na Benjamin Green, watu waliokuwa watumwa kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Meya alikuwa mweusi, polisi mweusi, mwenye duka mweusi. Tangu 1942 mji ulikuwa na hospitali yake, Taborian, iliyojengwa na chama cha udugu cha watu weusi. Wanachama walitoa ada zao kidogo kidogo, na mwenye kuugua akalazwa. Anayekijua chama cha kufa na kuzikana ataielewa Taborian bila maelezo zaidi. Asidhani mtu, basi, kwamba Mound Bayou ilikaa ikingoja mkombozi kutoka Boston.

Kabla ya daktari kufungua mlango, alitangulia John Hatch, mweusi, mzaliwa wa Kusini, mtu wa ustawi wa jamii. Eneo la kituo lilikuwa maili za mraba zipatazo 500, lenye watu maskini kama 14,000. Hatch alizunguka humo akiitisha vikao makanisani na sebuleni, akiuliza swali moja: mnataka nini? Watu walimjibu chakula, kazi, maji, nyumba isiyovuja. Matibabu yalitajwa, lakini hayakuwa mbele. Vikao hivyo vikawa vyama vya afya vya vijijini, vipatavyo 10, vikatoa wajumbe wa baraza la pamoja.

Mlango ulifunguliwa Novemba 1967, katika nyumba iliyokuwa ya mchungaji, huku jengo lenyewe likijengwa. Kuanzia hapo unahesabiwa mwaka ninaousimulia.

Ulikwenda mbio. Mkunga Mary Stella Simpson, mtawa wa Kikatoliki, alizunguka vibandani akiwaona wajawazito na wazazi wapya. Bwana afya, Andrew James, mweusi pia, alikuta familia zinazochota maji ya kunywa kwenye mitaro ya kando ya mashamba, mitaro ile ile inayopokea dawa za pamba. Akaunda kikosi cha wenyeji, wakachimba visima, wakafunga pampu za mkono, wakajenga vyoo, wakaweka nyavu madirishani. Ukimtibu mtoto kuhara asubuhi na jioni akanywa maji ya mtaroni, umefanya nini? Kituo kikawa na magari ya kuwaleta watu kwa daktari, kwa kuwa mabasi hayakuwapo. Jioni palikuwa na madarasa ya watu wazima. Hata benki zilijaribiwa: kituo kilitangaza kwamba fedha zake zitawekwa kwenye benki itakayokubali kufungua tawi Mound Bayou, kuajiri wenyeji dirishani, na kukopesha kwa haki. Ikapatikana.

Vyeti vya chakula navyo vikazidi kuandikwa, na vilikuwa na kasoro ambayo wenye njaa waliiona kabla ya madaktari. Cheti hukulisha wiki hii, na wiki ijayo unarudi kuomba kingine. Katika vikao vya Hatch lilizuka swali ambalo Tufts haikuwa imelifikiria: kwa nini tununuliwe mboga wakati sisi ni wakulima? Walikuwa wakulima kweli kweli. Walilima ardhi ile maisha yao yote. Walichokosa ni ardhi yenyewe.

Kipupwe cha 1967 na 1968 kilipita katika kupanga. Masika yalipofika, ushirika wa wakulima wa Bolivar ya Kaskazini ukaanza kupanda, kwenye ardhi iliyokodishwa. Mamia ya familia walijiunga. Aliyefanya kazi shambani alilipwa sehemu kwa fedha na sehemu kwa chakula. Walipanda maharagwe, viazi vitamu, kunde na mboga za majani. Ile mboga yao kuu, iitwayo collards, mtu wa Nairobi angeitambua kwa macho kabla ya kuambiwa jina: ni sukuma wiki. Kunde nazo zilivuka bahari kutoka Afrika pamoja na mababu wa wakulima hao.

Msimu wa kwanza ulitoa zaidi ya pauni milioni moja za chakula, kiasi cha tani 450 na ushei. Baadaye ushirika ulinunua ardhi yake, zaidi ya ekari 400.

Nikisoma habari za mwaka huo, huona ukuaji wa kituo ulikwenda upande ambao mchoro wowote wa hospitali usingeuonyesha. Vyumba vya uchunguzi viliongezeka, ndiyo, na jengo jipya likasimama. Lakini vilivyokua kwa kasi zaidi vilikuwa nje ya jengo, na vyote vilidaiwa na watu kabla mtaalamu hajavipendekeza.

Haukuwa mwaka wa amani. Mound Bayou ilikuwa na wakubwa wake, walimu, wafanyabiashara, viongozi wa vyama, ambao waliona kazi na fedha za kituo ni haki ya mji wao. Hatch alishikilia kwamba wenye kauli wawe maskini wa vijijini, waliokuwa hawajawahi kuulizwa kitu na Mzungu wala na mweusi mwenzao aliyesoma. Juu ya wote ilikaa Tufts, umbali wa kilomita kama 2,000, iliyoshika mfuko. Baraza likachaguliwa, ila mwenye mfuko ni mwingine: hapo ugomvi haukosekani. Ilifika miaka ya 1970 ndipo kituo kilipotoka mikononi mwa chuo kikawa cha wenyeji. Ushirika nao ulipita kwenye shida za fedha na masoko, na haukudumu kama kituo.

Kituo kilidumu. Sheria ya 1975 iliweka vituo vya namna hiyo katika mfumo wa afya wa Marekani, ikadai kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe wa bodi wawe watu wanaotibiwa hapo. Leo vituo ni kama 1,400, vinahudumia watu zaidi ya milioni 30, na asiye na fedha harudishwi. Geiger alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 95.

Katika ushirika ule alikuwamo mwanamke aitwaye L. C. Dorsey, mama wa watoto, aliyezaliwa katika familia ya wakulima wa kugawana mavuno na ambaye hakuwa amemaliza sekondari. Akawa mmoja wa viongozi wa shamba. Akasoma jioni, akapata cheti cha sekondari, akaenda chuo kikuu, akafika hadi shahada ya uzamivu katika ustawi wa jamii. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alirudi Mound Bayou akiwa mkurugenzi wa kituo. Hesabu za fungu la dawa sasa zilipita mezani kwake.