Meli ya Reli

Lipingo, kijiji chetu kando ya Ziwa Nyasa, haina reli wala haijawahi kuwa nayo. Wajerumani walichora moja itoke Kilwa ije mpaka Ziwa Nyasa, ikabaki kwenye karatasi. Waingereza wakajenga ya kwao kwa ajili ya karanga, Mtwara hadi Nachingwea. Karanga zikawashinda, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vyuma vikang'olewa. Siku hizi tunasikia habari ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay. Wazee wakiisikia redioni huongeza sauti kidogo, kisha hurudi kwenye nyavu zao.

Lakini muulize mtu wa Lipingo aliyesoma mbali miaka ya 1980 akusimulie likizo. Ataanza na treni.

Treni yenyewe ni TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa rasmi 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Zambia. Sisi wa Ziwa Nyasa hatukuwa kwenye hesabu. Ila serikali ya enzi hizo ilikuwa na mtindo wa kumpeleka mwanafunzi sekondari ya mbali na kwao, na shule zikifungwa ilibidi imrudishe. Hapo ndipo ilipoingia waranti: karatasi yenye mhuri, unaisukuma dirishani, unapewa tiketi ya daraja la tatu bila kutoa senti. Aliyepoteza waranti alilia kuliko aliyefeli hesabu.

Treni ilianza kupanda kutoka Mlimba kwenda Makambako. Mahandaki yanafuatana pale, na behewa letu halikuwa na taa. Giza likiingia wasichana wanapiga yowe, wavulana wanacheka, na mwanga ukirudi kuna mtu anatafuta andazi lake. Makambako baridi ilikuwa inakata masikio. Wenye haraka waliteremka hapo wakatafuta gari la Songea, kisha Mbinga, kisha milima ya Umatengo mpaka chini ziwani. Wakati wa masika safari hiyo ilimfundisha mtu kusukuma lori. Sisi tuliobaki tuliendelea hadi Mbeya, tukapanda gari, tukapita Tukuyu na migomba yake, tukashuka Kyela, na mwisho bandari ya Itungi.

Hapo kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, meli za maziwa yetu ziliangukia mikononi mwa Shirika la Reli Tanzania, na zilikaa huko hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 ilipoundwa Kampuni ya Huduma za Meli. Kwa hiyo MV Songea na MV Iringa tulizozipanda zilikuwa mali ya reli. Reli ilifika kwetu, tena ilifika ikielea.

Juu ya sitaha tulilala kati ya magunia ya mchele wa Kyela na kuku waliofungwa miguu. Upande wa kushoto Milima ya Livingstone inashuka wima mpaka majini, na taa moja moja chini yake. Meli ilisimama mbali na nchi kavu, mitumbwi ikaizunguka, mizigo ikateremshwa kwa kamba, na mama mwenye mtoto mgongoni akashuka kwa utulivu ambao mimi mwenye mgongo mtupu sikuwa nao. Lupingu, Manda, na kuendelea kusini. (Lupingu iko Ludewa. Lipingo ni sisi. Wenye vifurushi wanajua uchungu wa herufi hizo mbili.)

Nairobi nako walikuwa na treni yao ya likizo: inaondoka jioni, chakula kinatandikiwa vitambaa vyeupe, asubuhi mnazi wa kwanza unaonekana dirishani na Mombasa hiyo. Iliendelea hadi reli mpya ya 2017 ilipochukua nafasi. Uingereza ndio walioanza mchezo huo, wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakimiminika Blackpool baada ya reli kufika huko 1846. Wote hao walikwenda ufukweni kupumzika. Mimi nilifika ufukweni jioni, mama akapokea begi, na alfajiri akanipa jembe. Mihogo ilikuwa inasubiri palizi. Mchana ni zamu ya kufukuza kuku kwenye usipa, dagaa wetu, walioanikwa mchangani. Kuogelea kulikuwepo, baada ya kazi.

Shuleni mwalimu alipotuagiza insha ya likizo, nikaandika treni, meli, mchanga mweupe. Wenzangu wa Tabora wakaniona mtoto wa tajiri. Sikuwasahihisha.

Sasa lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66 ambazo zamani zilikula siku nzima. Itungi imejaa mchanga, meli zinatumia Kiwira, na tangu 2021 iko MV Mbeya II, abiria 200 na mizigo tani 200. Mwanafunzi anapanda basi stendi kubwa ya Dar na simu mkononi, nyumbani wanajua yuko wapi kila saa. Ni nafuu, nisiseme uongo.

Ila enzi zile honi ya meli ikilia usiku, kijiji kizima kiliteremka ufukweni na vibatari, hata wasio na mgeni. Basi nalo linapiga honi likifika. Linawaita bodaboda.