Mushaka: miezi sita kabla ya kusamehewa

Tarehe 25 Februari 2004, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, ilitoa hukumu ya kesi ya mkoa wa Cyangugu. Emmanuel Bagambiki, mkuu wa mkoa huo mwaka 1994, aliachiwa huru. Waziri wa zamani wa uchukuzi, André Ntagerura, naye aliachiwa. Luteni Samuel Imanishimwe, kamanda wa kambi ya Karambo, alipewa miaka 27, na rufaa ya 2006 ikaipunguza hadi 12. Manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 huko Kamembe, mkoani humo, walikuwa wanakumbuka uwanja wa michezo wa Kamarampaka, ambako Watutsi waliokimbilia hifadhi walisomwa kwenye orodha, wakatolewa na kwenda kuuawa. Kwao hukumu hiyo ilikuwa chungu.

Hata ingekuwa kali zaidi, Arusha ilihukumu wakubwa tu. Waliobaki vilimani walikuwa majirani, na kesi zao zilipelekwa gacaca, mahakama ya kijamii iliyokaa nje kwenye majani, iliyoanza Juni 2002 na kufungwa tarehe 18 Juni 2012 baada ya kupitia karibu mashauri milioni mbili. Sheria ilimpunguzia kifungo mkosaji aliyekiri na kuomba radhi hadharani. Mjane aliyekaa pale majanini akisikiliza angejuaje kama mtu analilia dhambi yake au anahesabu miaka ya jela?

Swali hilo ndilo lililochukuliwa kwa uzito katika parokia ya Mushaka, wilayani Rusizi, katika Cyangugu ya zamani. Padri Ubald Rugirangoga alikuwa amefiwa na mama yake na ndugu zaidi ya 80 katika mauaji ya kimbari, naye akanusurika kwa kukimbia. Alimsamehe mtu aliyehusika na kifo cha mama yake, akawalipia karo watoto wa mtu huyo. Kwa waumini wake hakuweka njia ya mkato. Aliyeua hakurudi kwenye sakramenti kwa sababu tu amemaliza kifungo. Alipitia mafundisho ya miezi sita, akaenda kuomba radhi kwa familia aliyoikosea, na ndipo akapokewa tena kanisani mbele ya wote. Manusura nao walifundishwa kwa upande wao, bila kulazimishwa kutamka neno la msamaha ambalo moyo haujalifikia.

Naona hapo ndipo Mushaka ilipoizidi mahakama: radhi haikumpunguzia mtu hata siku moja ya kifungo, kwa hiyo aliyeiomba aliiomba kwa sababu aliitaka. Padri Ubald alifariki Marekani Januari 2021 kwa uviko, na mfano wake umeigwa katika parokia nyingine.

Njia hiyo, hata hivyo, inahitaji watu wawili wakutane. Julai 1994 umati ulivuka mto Rusizi kuingia Bukavu, nchini Kongo, wauaji na wasio na hatia wamechanganyika, na wengi hawakurudi. Askofu Mkuu wa Bukavu, Christophe Munzihirwa, aliwatetea wakimbizi wasio na hatia na kuonya juu ya vita vilivyokuwa vinakuja, akauawa mjini mwake tarehe 29 Oktoba 1996. Leo katika kituo cha mpaka cha Rusizi II wanawake wa pande zote mbili huvuka na mboga na samaki, na mradi wa Mupaka Shamba Letu wa shirika la International Alert umewasaidia kuunda vyama vya pamoja na kudai wasinyanyaswe mpakani. Ni kazi njema, ila haigusi makaburi ya waliouawa Kongo.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Serikali ya Rwanda iliipinga vikali. Dokta Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, amekuwa akiitaja ripoti hiyo kila anapopata jukwaa, tangu kabla ya Nobel yake ya 2018, akidai mahakama ya kimataifa kwa ajili ya Kongo. Mahakama hiyo haijaundwa.