Msitu Unaotembea

Katika tamthilia ya Macbeth, mtu aliyekaa ukumbini hauoni msitu ukitembea. Anaingia mjumbe akitetemeka, hajui aanzie wapi, halafu anamwambia mfalme kwamba alikuwa zamu kilimani, akatupa jicho upande wa Birnam, na akaona kama miti inasogea. Mfalme anamwita mwongo. Jukwaani hakuna hata tawi lililotikisika wakati huo, lakini ukumbi mzima umekwisha kuuona msitu.

Sinema haina ruhusa hiyo. Kamera ikielekezwa mlimani, lazima kitu kionekane. Ndiyo maana kila ninapokaa kutazama filamu mpya ya Macbeth, nausubiri msitu kuliko ninavyousubiri upanga. Hapo ndipo humjua mwongozaji: ameielewa hofu iliyomo katika tanzia hii, au amepiga picha ya askari waliobeba matawi.

Kisa chenyewe kinajulikana. Shakespeare alikiandika kiasi cha mwaka 1606, Uingereza ikiwa chini ya James, mfalme aliyetoka Uskoti na ambaye mwaka 1597 alitoa kitabu kizima kuhusu wachawi. Jemadari Macbeth anakutana na wachawi watatu nyikani, wanamtabiria ufalme. Yeye na mkewe wanamuua Mfalme Duncan akiwa mgeni wao, amelala chini ya dari lao. Damu inaita damu. Anarudi kwa wachawi kutafuta uhakika, anaambiwa kuwa hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande hadi ngome yake ya Dunsinane. Anacheka, maana nani amewahi kuona mti ukihama? Kisha maadui zake wanakata kila mtu tawi lake, wanajifunika nalo ili idadi yao isijulikane, na kuanza safari.

Msomaji wa Kiswahili alikipata kisa hiki mwaka 1968, S. S. Mushi alipotoa tafsiri yake, Makbeth, miaka michache baada ya Mwalimu Nyerere kumtafsiri Juliasi Kaizari. Kwa hiyo wengi wetu tulianza na maneno matupu, na msitu wetu wa kwanza tuliuotesha wenyewe kichwani. Nadhani ndiyo sababu tunakuwa wagumu kuridhika na wa kwenye skrini.

Orson Welles alijaribu mwaka 1948. Huyu alikuwa ameshaishughulikia Macbeth kwa namna ya ajabu mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 20, alipoiweka jukwaani Harlem, New York, kwa waigizaji Weusi watupu, akaihamishia kwenye kisiwa cha Karibi na kuwageuza wachawi kuwa waganga wa vodu wenye ngoma. Filamu yake haikupata bahati ile. Aliipigia Republic, studio iliyozoea filamu za bei nafuu za wachunga ng'ombe, kwa siku 23 tu, kati ya miamba ya kutengenezwa. Waigizaji walisema kwa lafudhi ya Kiskoti. Studio ikalazimisha sauti zirekodiwe upya na filamu ikatwe. Ina kiza kizuri na pumzi ya jinamizi, lakini macho yanaona haraka mno kwamba miamba ile ni ya karakana.

Aliyefungua njia ni Mjapani. Mwaka 1957 Akira Kurosawa alitoa filamu ambayo jina lake la Kijapani maana yake ni Ngome ya Utando wa Buibui, na hakuchukua hata mstari mmoja wa Shakespeare. Uskoti akaiacha. Macbeth akawa Washizu, samurai wa enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe, akiigizwa na Toshiro Mifune. Ngome ilijengwa kwenye miteremko ya Mlima Fuji, kwa ajili ya ukungu wake na udongo wake mweusi wa volkano. Wachawi watatu wakawa pepo mmoja mweupe, ameketi ndani ya kibanda cha vijiti katikati ya msitu, anasokota uzi kwa gurudumu na kuimba taratibu.

Kurosawa aliegemea noh, mchezo wa jukwaani wa kale wa Japani ambamo mwigizaji huvaa kinyago na kusogea polepole kama mtu anayetembea ndani ya maji. Isuzu Yamada, aliyeigiza mke wa Washizu, hakuvaa kinyago, lakini uso wake hautikisiki. Kope tu ndizo zinazoishi. Usiku wa mauaji anakwenda kuwachukulia walinzi pombe iliyotiwa dawa. Anauelekea mlango ulio wazi, nyuma yake giza tupu, na giza linammeza. Skrini inabaki bila mtu. Tunachosikia ni hariri ya vazi lake ikisugua sakafu, inakwenda. Kisha hariri ileile inarudi, na giza linamtema akiwa amekumbatia mtungi. Hajasema neno, wala hakuna muziki. Mara ya kwanza nilipoitazama nilijikuta nimeshikilia pumzi, nikielewa kwamba Kurosawa amepata kwa mlio wa nguo kile ambacho Shakespeare alikitafuta kwa mashairi.

Na msitu? Usiku wa kuamkia vita, ndege wanavamia ngome. Wanaruka ukumbini, wanagonga nguzo, wanatua miilini mwa watu. Viota vyao vimeanguka, maana maadui wanakata miti, lakini Washizu anajilazimisha kuwaona kuwa ni ishara ya heri. Alfajiri ukungu unapasuka na miti inakuja, inayumba taratibu kama mwani kwenye mkondo. Washizu mwenyewe alikuwa amewatangazia askari wake utabiri ule ili wapate moyo. Sasa wanaona maana yake, na hawasubiri adui: wanamgeuzia mishale bwana wao. Mishale ile ilikuwa ya kweli, ikifyatuliwa na wapiga upinde stadi na kujikita kwenye mbao kando ya mwili wa Mifune. Hofu unayoiona usoni mwake haikuhitaji kuigizwa sana.

Waliofuata Ulaya na Marekani walirudi Uskoti. Roman Polanski aliitoa Macbeth yake mwaka 1971, miaka miwili baada ya mkewe Sharon Tate kuuawa nyumbani kwao pamoja na wageni wao, na ni vigumu kuutazama ukatili wa filamu ile bila kulikumbuka hilo. Justin Kurzel mwaka 2015 alifanya jambo la akili: Birnam haitembei, inachomwa moto, na unaofika Dunsinane ni moshi na majivu yake, anga lote likiwa jekundu. Joel Coen mwaka 2021 alipiga kila kitu ndani ya studio, kwa rangi nyeusi na nyeupe, Denzel Washington akiwa Macbeth mtu mzima ambaye ufalme umemfikia amechelewa. Kathryn Hunter peke yake ndiye wachawi wote watatu. Anasimama kando ya dimbwi, na majini kivuli chake kinaonekana cha watu wawili. Msitu unapofika, dirisha linafunguka na majani yanamiminika ukumbini kwa upepo. Ni picha nzuri sana, ingawa kwangu ni nzuri kuliko inavyotisha.

Wa kunitisha tena alikuwa Mhindi. Vishal Bhardwaj alianza kama mtunzi wa muziki wa filamu, na baada ya kuiona ile ya Kurosawa akatengeneza Maqbool, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Kwetu pwani, ambako vizazi vimekulia kwenye sinema za Kihindi, ilikuwa ajabu kuwaona waigizaji wa Bombay ndani ya Macbeth na kugundua kwamba wako kwao. Duncan amekuwa Abbaji, mzee wa genge la majambazi la Mumbai, sauti ya chini na mwendo wa kujikokota, akiigizwa na Pankaj Kapur. Maqbool, mwanaye wa kulea, ni Irrfan Khan. Anayemchochea kuua si mke wake bali Nimmi, kimada wa mzee mwenyewe, akiigizwa na Tabu, na kwa badiliko hilo moja tamaa ya madaraka na mapenzi vinafungwa fundo lisilofunguka.

Wachawi ni maaskari wawili wala rushwa, Om Puri na Naseeruddin Shah. Filamu inafunguka wamo ndani ya gari lao, mmoja anapiga falaki ya jiji la Mumbai kwa kidole kwenye kioo chenye ukungu wa pumzi. Punde risasi inalia na damu inatapakaa juu ya chati ile. Hawa hawatabiri tu. Wanausukuma utabiri wao, leo wakimwacha huyu, kesho wakimuua yule, ili upande mmoja usizidi mwingine.

Mumbai haina Birnam, ina bahari. Maqbool anaambiwa hana la kuogopa mpaka bahari ije nyumbani kwake. Maisha yake yote yanategemea magendo yanayopita majini, kwa hiyo anayachukua maneno yale kama sisi tungeyachukua: bahari inajaa na kupwa, haipandi ngazi za mtu. Kisha shehena inamgeukia, watu wa serikali wanabisha hodi, na bahari imefika.

Nimmi anamzaa mtoto, akili imemtoka, anasugua ukuta usio na damu, na anafariki. Maqbool anakwenda hospitali na bastola akamchukue mtoto wakimbie. Kupitia mlangoni anamwona binti wa Abbaji pamoja na mumewe, watu wenye kila haki ya kumchukia, wakimpokea kichanga yule na kumkumbatia. Anaiacha bastola, anageuka, anatoka kwa miguu yake kuelekea lango, na aliyekuwa akimsubiri huko nje anafyatua.