Watu Wetu Katika Sinema ya Mama Luke

Mwaka 1959 ulikuwa mwaka mkubwa kwetu Wakristu wa Kasongo na Kabambare. Tarehe 10 Novemba, Baba Mtakatifu Yohane XXIII aliweka majimbo kamili ya Kanisa katika Kongo, na Vikarieti ya Kasongo, iliyoanzishwa mwaka 1952, ikawa Jimbo. Mwaka uleule Kongo yetu ilionyeshwa duniani katika sinema iitwayo The Nun's Story. Fred Zinnemann aliipiga sehemu ya Kongo huko Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1958.

Habari zake ni za jamaa ya Ubelgiji. Gabrielle, binti wa daktari, anamwacha baba yake, anakuwa Sista Luke, kisha anatumwa Kongo kuuguza wagonjwa. Huko anaitwa Mama Luke. Hapo sinema inasema kweli, maana hata kwetu jina la Mama ni heshima.

Lakini tutazame vema: watu wetu wamewekwa wapi? Wengi ni wagonjwa na watumishi, wasiosema neno. Illunga, msaidizi wa hospitali, ana akili na adabu. Lakini aliyemcheza ni Errol John, mtu wa Trinidad. Kalulu alichezwa na Orlando Martins wa Nigeria. Basi mto ulikuwa wetu, umati ulikuwa wetu, lakini sauti ilikuwa ya wengine.

Tena, habari za Kongo katika sinema hii ni za miaka ya kabla ya vita vya 1939. Wakati ule Padri Stefano Kaoze alikuwa amekwisha kupadirishwa, tangu mwaka 1917, huko Baudouinville, upande wa Tanganyika. Mtu akiitazama sinema hii peke yake atadhani kwamba katika Kanisa la Kongo Mzungu alitoa tu, na mtu mweusi alipokea tu. Sivyo.

Je, tuitupe? Hapana. Ndani yake mtu aliyedanganywa na mganga anamwua Sista mmoja. Illunga anashangaa kuona Masista hawalipizi kisasi. Anafundishwa habari ya kusamehe. Baadaye, wakati wa vita, Wajerumani wanamwua baba yake Sista Luke, naye aliyefundisha anashindwa kuwasamehe, anaacha utawa. Wenye sinema hawakumfanya Mzungu kuwa malaika, na kwa hilo tunawashukuru.

Lakini somo lile lilipata jibu katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1964, vita vya Simba vilipoenea Maniema na kaskazini, watu wengi waliuawa, weusi na weupe. Usiku wa tarehe 1 Desemba, huko Isiro, Sista Anuarite wa shirika la Jamaa Takatifu, Mkongomani, aliuawa kwa kulinda usafi wake, naye alimsamehe aliyemwua. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa.

Basi, wazazi, watoto wakiitazama sinema hii ya zamani, tukae nao. Tuwaambie habari za Mama Luke, kisha tuwaambie na za Kaoze na Anuarite. Wasikue wakidhani kwamba wao ni wa kuuguzwa na kufundishwa tu.