Waikiki: pwani ambako mwalimu alisimama ili awaone wanafunzi wake

Kule Waikiki, kwenye kisiwa cha Oahu huko Hawaii, mtu ambaye hajawahi kuteleza juu ya mawimbi anaweza kuanza siku hiyohiyo. Anapewa ubao mpana na kasia refu, anasimama, anapiga maji kushoto na kuume, na wimbi dogo linamrudisha karibu na mchanga. Watalii wengi hudhani uzuri wa pwani ndio ulioleta sifa hiyo. Kumbe sifa ililetwa na wenyeji walioyajua maji yale vizuri, na waliobaki na ujuzi huo hata baada ya kupoteza mengi kwenye nchi kavu.

Hawaii ilikuwa ufalme. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1893, Malkia Liliuokalani alipinduliwa na kundi la wafanyabiashara, huku askari wa Marekani wakiwa wameshushwa kutoka manowari yao. Mwaka wa 1898 Marekani ikavichukua visiwa. Waikiki, jina lenye maana ya maji yanayobubujika, ilikuwa nchi ya chemchemi, mashamba ya magimbi na mabwawa ya samaki. Hoteli ya Moana ilifunguliwa mwaka wa 1901. Kati ya 1921 na 1928 ukachimbwa mfereji wa Ala Wai: ardhi ikakaushwa, mashamba na mabwawa yakafukiwa, viwanja vikajengwa. Walioishi kwa kulima na kuvua wakakosa pa kulima na pa kuvua. Anayesoma haya akiwa kambini hahitaji kuelezwa zaidi.

Bahari haikufukiwa. Vijana wa Kihawaii walifanya kazi mbele ya hoteli, wakiwafundisha wageni kuogelea, kupanda mitumbwi na kuteleza juu ya mbao. Mwaka wa 1908 wazungu walianzisha chama cha Outrigger Canoe Club. Wenyeji nao walikuwa na chama chao, Hui Nalu, kilichoandikishwa rasmi mwaka wa 1911. Mmoja wao alikuwa Duke Kahanamoku, aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuogelea mita 100 kwenye Olimpiki ya Stockholm mwaka wa 1912. Mwezi wa sita 1925, boti ilipopinduka Corona del Mar huko California, yeye alitumia ubao wake kuwaokoa watu 8. Wakaaji wa kando ya Kivu, wanaojua ajali za boti, wataelewa thamani ya mtu mmoja mwenye ubao saa kama ile.

Baadhi ya walimu hao wa Waikiki, wakiwemo ndugu wa familia ya AhChoy, walianza kusimama juu ya ubao wakiwa na kasia la mtumbwi. Kusimama peke yake si ajabu kwetu: Wagenia wa Kisangani hupiga kasia wakiwa wima katikati ya maporomoko. Lakini hawa walikuwa na sababu ya kazi. Mwalimu aliyelala kifudifudi haoni mbali. Aliyesimama huona wanafunzi wake wote, na huona wimbi kubwa kabla halijafika. Mchezo unaoonekana leo kuwa wa starehe ulitokana na ulinzi.

Desturi hiyo ilififia, kisha katika miaka ya 1990 Laird Hamilton na Dave Kalama wakaifufua kisiwani Maui. Kutoka Hawaii ikafika California, halafu mito na maziwa ya dunia nzima. Wanaoanza wakawa wengi, na swali likawa moja kila mahali: tuanzie wapi?

Waikiki inajibu kwa umbo lake. Pwani inatazama kusini, na mawimbi makubwa ya msimu wa baridi hupiga upande wa kaskazini. Mbele ya mchanga kuna miamba ya matumbawe, migumu kama jiwe, iliyojengwa na viumbe vidogo vya bahari. Wimbi huigusa mbali na pwani, huvunjika polepole, kisha huviringika mwendo mrefu likiwa limechoka. Hata hivyo, anayeshika kasia mara ya kwanza hafai kupelekwa penye mawimbi moja kwa moja, tena penye waogeleaji wengi: ubao mkubwa ukimponyoka unaumiza kichwa cha mwingine. Karibu na hapo kuna Ala Moana, ambako mwamba umeyazuia mawimbi na maji ya ndani yametulia. Afadhali hapo kwanza, mpaka magoti yaache kutetemeka.

Tena kuna upepo, ambao wageni huusahau. Waikiki upepo wa kawaida hutoka nchi kavu kwenda baharini. Ndio unaolainisha mawimbi, na ndio huohuo unaomsukuma mgeni mbali bila yeye kujua, kwa sababu mwili uliosimama ni kama tanga. Ziwani ni vilevile: maji yanayoonekana tulivu ufukweni, upepo ukiwa mgongoni, yanaweza kuwa mtego. Walimu hufundisha kuvaa jaketi la kuokolea, kufunga kamba ya ubao mguuni, na kuanza safari kwa kuukabili upepo, ili kurudi kuwe rahisi. Ukizidiwa, piga magoti. Bado unashindwa? Lala kifudifudi, piga maji kwa mikono, wala usiuache ubao.