Vuli ya 1961 na Ziwa Letu

Wenzetu wa Ulaya husubiri utabiri wa theluji. Sisi wa Mwanza tunasubiri wa vuli. Ile ya 1961, mwaka wa Uhuru, ilipitiliza. Magharibi mwa Bahari ya Hindi maji yalikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua ikamiminika Afrika Mashariki. Kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita 2. Mita mbili, jamani, ziwa lote lile! Na halikushuka upesi, maana mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kwamba bahari imepata joto, mimi siangalii mawingu. Naenda kuangalia maji yamefika wapi kwenye Jiwe la Bismarck.