Mbio za gawio, kutoka Stanley hadi Makongeni

Makongeni, Nairobi, ni mtaa wa reli. Nyumba zake zilijengewa wafanyakazi wa shirika la reli, na kwa miaka mingi mkazi wa hapa alijua mshahara wa mwisho wa mwezi na, akijaliwa kustaafu, pensheni. Gawio la hisa lilikuwa la watu wengine. Soko la Hisa la Nairobi lilipoanzishwa mwaka wa 1954, madalali wakiuziana hisa kwa kahawa katika hoteli ya Stanley, Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hadi baada ya uhuru.

Hata mlango ulipofunguliwa, kununua hisa leo, kuvuna gawio na kuuza wiki ijayo hakukuwezekana. Hisa ilikuwa cheti cha karatasi. Kilipelekwa kwa msajili, jina la muuzaji lifutwe na lako liandikwe, na kazi hiyo ilikwenda polepole mno. Gawio nalo hulipwa aliyemo katika daftari la wanahisa siku linapofungwa.

Mambo yaligeuka mwaka wa 2004, vyeti vilipoanza kuhamishiwa akaunti za kielektroniki za CDS, kisha Septemba 2006 kompyuta zikachukua nafasi ya madalali waliopaza sauti ukumbini. Mwaka huohuo hisa za KenGen, zilizouzwa Sh11.90, zilifika karibu Sh40 mara tu zilipoingia sokoni. Homa ikashika mji mzima. Hisa za Safaricom zilipotangazwa mwaka wa 2008 kwa Sh5, watu wa Eastlands, upande wa Makongeni, walishuka matatu za Jogoo Road wakaenda kupanga foleni mjini, wengine na pesa za mkopo, wakikusudia kuuza haraka. Juni 9 bei ilivuka Sh7. Miezi michache baadaye ilikuwa chini ya Sh5, na aliyekwama akawa mngoja gawio bila kupenda. La mwaka wa 2009 lilikuwa senti 10 kwa hisa: mwenye hisa 2,000 alipata Sh200, tena kabla ya kodi.

Tangu hapo wengi wamejaribu kuvizia kufungwa kwa daftari. Hebu tupige hesabu. Hisa 1,000 za Sh20, ada ya dalali na tozo zake karibu asilimia 2: unatoa Sh20,400. Gawio la shilingi moja kwa hisa, likikatwa kodi ya asilimia 5, linakuachia Sh950. Lakini ukishapita muda wa kununua na gawio lake, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kama hicho. Ukiuza kwa Sh19, ada ikatolewa tena, unapata Sh18,620. Jumla Sh19,570. Umepoteza Sh830, na gawio umelipokea!

Ninavyoona mimi, aliyefaidi ni yule aliyeijua kalenda: benki hutangaza matokeo ya mwaka kufikia Machi, Safaricom mwezi wa Mei. Akanunua mapema soko likiwa baridi, akawauzia waliokuja mbio baada ya tangazo, gawio lenyewe akawaachia.

Novemba 2021 soko liliruhusu kununua na kuuza hisa ileile siku moja kwa ada iliyopunguzwa. Nafuu hiyo haimfikii mwinda gawio, kwa kuwa malipo ya hisa hukamilika siku ya tatu na jina la aliyeuza jioni haliingii daftarini. Kwa mkazi wa Makongeni naona badiliko lililo kubwa zaidi ni la Agosti 2025: sharti la kununua hisa 100 kwa mpigo liliondolewa, sasa hata moja inauzwa.